Juha Kalulu akifika Lodwar, atazungumza Kiswahili gani?

Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya waliokula chumvi kiasi hawahitaji kuelezwa Juha Kalulu ni nani. Mchoraji Edward Gitau alimbuni katika miaka ya 1950, akaendelea kumchora kwa miongo mingi, na wengi wetu tulikutana naye katika kurasa za Taifa Leo. Nawafahamu watu ambao kwao gazeti lilikuwa halijafunguliwa mpaka limefunguliwa pale kwa Juha. Siasa na bei ya mahindi zingesubiri.

Hata hivyo, litaje jina hilo leo mbele ya wanafunzi wa sekondari na wengi watakutazama tu. Hivi majuzi mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha mjini Lodwar aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani: je, mhusika wa katuni aliyewachekesha babu zetu anaweza kufufuliwa akawachekesha wanafunzi wake, na wenzao walio katika kambi ya Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka hapo? Makala haya yanajaribu kumjibu. Kwa maoni yangu anaweza kufufuliwa, ila kwa sharti moja. Ujuha uwe wake yeye, usiwe wao.

Tuanze na jina lenyewe, maana wahenga hawakukosea waliposema jina jema hung'ara gizani. Juha ni mhusika mkongwe wa masimulizi ya Waarabu. Visa vinavyofanana na vyake husimuliwa na Waturuki kumhusu Nasreddin Hoja. Kiswahili kilipolipokea jina hilo kililigeuza likawa nomino ya kawaida, na leo juha ni mtu mjinga, mpumbavu, asiyejua mbele wala nyuma. Kalulu nalo ni jina la sungura katika Kichewa na Kibemba, na kila aliyelelewa kwa ngano anajua sungura ni mjanja wa kutupwa. Sijui mhusika mwingine wa katuni zetu ambaye jina lake linabeba mgogoro wa aina hii. Upande mmoja mjinga, upande wa pili mjanja. Tukiliunganisha tunampata mjinga anayejiona mjanja, na huyo ndiye binadamu tunayemcheka kwa sababu tunamjua vizuri. Amekaa nyumbani kwetu, na pengine amevaa viatu vyetu.

Wahakiki wa fasihi hutofautisha mhusika bapa na mhusika duara, tofauti iliyopata umaarufu kupitia kitabu cha E. M. Forster cha mwaka 1927 kuhusu riwaya. Mhusika duara hubadilika na hutushangaza. Mhusika bapa hujengwa juu ya sifa moja, nayo haibadiliki. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi kana kwamba ubapa ni kasoro ya mtunzi. Katika katuni ya gazeti ubapa ndio uhai. Msomaji ana sekunde chache tu, mara nyingi amesimama kwenye kioski au amekaa kwenye matatu. Akitupia jicho fremu ya kwanza lazima ajue huyu ni nani na kasoro yake ni ipi, ndipo fremu ya mwisho imnase. Juha akierevuka leo, kesho hatakuwa na kazi.

Kutokana na hilo napata kanuni ya kwanza ya kumfufua mhusika wa zamani: kasoro yake usiiguse. Unaloweza kubadilisha ni dunia anayoishi na lugha anayoisema.

Kanuni hii si ya kwetu peke yetu. Huko Ufaransa, Astérix alizaliwa mwaka 1959 mikononi mwa mwandishi René Goscinny na mchoraji Albert Uderzo. Goscinny alifariki mwaka 1977, Uderzo akaendelea peke yake, na tangu mwaka 2013 vitabu vipya vimetoka mikononi mwa watu wengine kabisa. Kijiji ni kile kile, na ukaidi wa wanakijiji mbele ya Warumi ni ule ule. Yanayobadilika ni mambo yanayogonga mlango wa kijiji. Mbelgiji Hergé alichagua njia nyingine. Hakutaka Tintin aendelezwe na mtu mwingine baada yake, na tangu alipofariki mwaka 1983 hakuna kisa kipya rasmi kilichotungwa na mtu mwingine. Tintin anasomwa hadi leo, lakini ni kama picha ukutani: unaitazama, haikutazami.

Hapa Kenya tuna mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2010 jarida la Shujaaz lilianza kusambazwa bure, na mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Boyie hakufufuliwa kutoka kokote. Ni mtoto wa zama zake. Ninamtaja kwa sababu ya ulimi wake. Wabunifu wa Shujaaz waliamua azungumze Sheng, wala si Kiswahili cha kamusi, na vijana wakamtambua kuwa mwenzao. Mwaka 2012 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mtu angedhani basi dawa imepatikana: mpe Juha Kalulu Sheng, mvishe kofia ya kisasa, mtie simu mkononi, umemaliza.

Mambo si mepesi hivyo. Sheng ni lugha inayokimbia. Neno lililowika Nairobi mwaka jana huenda mwaka huu likamfanya msemaji aonekane mzee. Tena Sheng ya Eastlands si Kiswahili cha Lodwar, na Kiswahili cha Lodwar si kile utakachosikia ukitembea kutoka Kakuma 1 hadi Kakuma 4. Ndipo linapokuja swali nililolifanya kichwa cha makala haya.

Kwanza Lodwar. Wapo wenyeji wa Turkana ambao wakisafiri kwenda Kitale au Nairobi husema, nusu utani nusu uchungu, kwamba wanaenda Kenya. Kauli hiyo fupi imebeba historia nzima. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na macho ya watu, ilimpeleka Lokitaung kisha Lodwar, maana kwao huko ndiko kulikokuwa mwisho wa dunia. Hata baada ya uhuru, Turkana imeingia magazetini hasa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni njaa. Mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipochangisha fedha za kukabili ukame, picha za Turkana zilikuwa kila mahali. Mlango wa pili ni mzaha, ule wa mtu wa huko asiyejua lifti ni nini au anayesema Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Sasa hebu fikiria mtoto wa Lodwar anayefungua gazeti. Akijikuta humo, ama anahurumiwa ama anachekwa. Mtoto huyo hana sababu ya kuipenda lugha ya gazeti.

Kwa hivyo Juha akipelekwa Lodwar, sharti aende kama mtu wa Kenya. Awe mgeni anayejua kila kitu kabla ya kuuliza chochote. Nitatoa mfano wa fremu nne nilizozibuni kwa ajili ya makala haya.

Fremu ya kwanza: Juha amefika Lodwar jioni, joto limemchosha, anaona mchanga mweupe laini katika laga ya Kawalase. Anasema, "Hawa watu wana kitanda cha bure na hawakitumii!" Fremu ya pili: ametandika godoro katikati ya laga, amelala, mawingu yamejikusanya mbali sana milimani. Fremu ya tatu: mtoto aliye na mbuzi amesimama ukingoni akipiga kelele, "Ngakipi! Ngakipi!" Juha, bila kufumbua macho, anajibu, "Mwambie huyo Kipi nimelala, aje kesho." Fremu ya nne: godoro linaelea likielekea Turkwel, Juha kashika mto wake wa kulalia, mbuzi wanamtazama.

Ngakipi kwa Kiturkana ni maji. Ni kusudi langu kwamba neno hilo halifasiriwi mahali popote ndani ya kiputo, yaani ule mviringo unaobeba maneno ya mhusika. Msomaji wa Nyeri au Kwale ataelewa atakapofika fremu ya nne, kwa msaada wa picha. Msomaji wa Lodwar atacheka kwenye fremu ya tatu. Fremu moja tu, lakini kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyetangulia na wengine wakamfuata. Tena hakuna kilichoongezwa chumvi. Yeyote anayeijua nchi ile anajua mvua inaweza kunyesha mbali usikokuona, nayo laga iliyokuwa kavu ikashuka na maji ya kubeba gari. Kila mtoto wa mchungaji analijua hilo. Mgeni mwenye shahada anaweza asilijue.

Tazama pia jinsi mtoto yule anavyozungumza. Sikumtilia Kiswahili kibovu mdomoni. Wachekeshaji wetu wana tabia ya kumtambulisha Mturkana kwa kuangusha viambishi vya ngeli, kana kwamba hana sarufi kichwani. Anayo, tena ya kutosha. Kiturkana hupanga nomino kwa jinsia kupitia viambishi awali: ekile ni mwanamume, aberu ni mwanamke, na ikoku, mtoto, huangukia kundi la tatu lisilo la kike wala la kiume. Mtu aliyekulia katika mfumo huo akijifunza ngeli za Kiswahili anahama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine, na njiani ni lazima ajikwae. Mswahili wa Lamu naye angejikwaa vivyo hivyo akitakiwa kuchagua kati ya e-, a- na i-. Kumcheka anayejikwaa akijifunza lugha yako ni ujuha wa daraja la kwanza, na ukihitajika katika katuni, tunaye mwenyewe. Juha ndiye ajikwae kwa Kiturkana.

Sasa tupande gari tuelekee Kakuma. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Humo wanaishi watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, pamoja na wenyeji Waturkana walio mji wa Kakuma na viungani mwake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha, lakini si Kiswahili kimoja. Kuna kile cha shuleni, kile cha sokoni chenye chembechembe za Sheng, na kile walichokuja nacho Wakongomani wa Kivu. Hata mpango wa Shirika la Chakula Duniani wa kuwapa wakimbizi pesa za chakula kupitia simu, ulioanza mwaka 2015, uliitwa Bamba Chakula, na bamba hapo ni ile ya mtaani, yenye maana ya kupata. Mtaa umeingia kwenye stakabadhi za kimataifa bila kubisha hodi.

Mazingira kama hayo ni shamba la mbolea kwa mtunzi wa katuni. Chukua neno masomo. Kwa Mkenya, masomo ni yale mtu anayosoma. Katika Kiswahili cha Kivu, masomo ni shule yenyewe, hivi kwamba mtu husema batoto wako ku masomo akimaanisha watoto wako shuleni. Chukua pia kitenzi anguka. Mwanafunzi wa Kenya akifeli, tunasema ameanguka mtihani. Yaweke maneno hayo mawili mbele ya Juha uone.

Fremu ya kwanza: mama Mkongomani amejishika kiuno, amekasirika. Juha anauliza, "Mama, kulikoni?" Mama: "Masomo ya batoto ilianguka jana." Fremu ya pili: Juha anatikisa kichwa kwa huruma, "Pole sana mama. Wakazane na tuition, muhula ujao watapanda." Fremu ya tatu: mama anamtazama tu. Hakuna neno. Fremu ya nne: tunaona darasa, upepo umeng'oa mabati, ukuta umelala chini, watoto wamepanga foleni, na wa kwanza anamkabidhi Juha nyundo.

Nimeipenda fremu ya tatu kuliko zote. Kimya katika katuni ni tamathali, tena ni ngumu kuliko maneno. Mama yule hakosei lugha. Kiswahili chake kina utaratibu wake, kina watu wake na kina umri wake. Aliyekosea ni anayedhani Kiswahili chake ndicho pekee duniani. Kinaya kiko hapo: Juha anatoa ushauri kuhusu kuanguka, kumbe kilichoanguka kinahitaji misumari. Na nyundo ile inamtoa kwenye kuhurumia, inampeleka kwenye kufanya kazi. Nadhani hata mashirika mengi yangenufaika kuitazama.

Yapo mambo ambayo katuni ya Juha haipaswi kuyachezea. Njaa si kichekesho. Safari ya mtu aliyekimbia vita si kichekesho. Neno raia linaonyesha jinsi mguu unavyoweza kuteleza. Kamusi inasema raia ni mwananchi. Huko Turkana hutumiwa pia kumtaja mfugaji wa nyikani, tofauti na mtu wa mjini aliyesoma. Mkimbizi naye akilisikia hukumbuka uraia, kitu asicho nacho katika nchi anayoishi, pengine tangu alipozaliwa. Mtunzi akitaka kulifanyia neno hilo mchezo wa maneno, ajiulize kwanza ni nani atakayebaki na maumivu baada ya wengine kucheka. Kama jibu ni Juha, achore. Kama ni mwingine, aweke kalamu chini.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusimbuni mhusika mpya wa Kiturkana badala ya kumsafirisha mzee kutoka magazeti ya zamani. Ni swali zuri, nami sioni ubaya tukiwa na wote wawili. Eneo lile halina upungufu wa wahusika. Waturkana husimulia habari za Nayece, mwanamke aliyetoka kwa Wajie, upande wa Karamoja nchini Uganda, akaishi kwa matunda ya mwituni katika bonde la Tarach, mto uleule unaopita Kakuma. Vijana waliokuwa wakimtafuta fahali aliyepotea wakamkuta huko, na kutokana na nchi aliyowaonyesha taifa likaanza. Wasimulizi hutofautiana kuhusu vijana hao na fahali wao, lakini Nayece hapotei. Kila kizazi kimemfufua kwa kumsimulia upya, bila wino wala fremu. Anayefikiri kufufua wahusika ni ufundi wa kigeni akawaulize wazee wa Kakuma. Tena katika kisa hicho aliyefika kwanza anamwonyesha mgeni pa kukaa. Ukitafakari, ni hadithi inayomfaa sana mtu aliyeshuka jana kutoka kwa lori la wakimbizi.

Juha ana faida yake tofauti. Ni mali ya wasomaji wa Kiswahili wa nchi nzima, na akifika Lodwar anakuja na babu wa Murang'a na nyanya wa Mombasa wanaomkumbuka. Nao watamfuata hadi huko kwa macho, pengine mara ya kwanza wao kuitazama Turkana bila kuihurumia.

Neno moja la kisheria kabla ya mtu kukimbilia penseli. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya sanaa hulindwa katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Kumchora Juha darasani kama zoezi ni jambo moja. Kumchapisha na kumuuza bila idhini ya wenye haki ni jambo jingine. Anayetaka kumrudisha gazetini au kitabuni aanze kwa kubisha mlango huo. Kufufua bila ruhusa, jina lake ni wizi.

Kwa mwalimu wa Lodwar aliyeniuliza swali, na wenzake wa Kakuma, ninapendekeza zoezi lisilohitaji bajeti. Gawa karatasi zenye fremu nne tupu. Wape wanafunzi masharti matatu: Juha ni mgeni, Juha anajiamini, na ni lazima mtu mmoja katika kisa awe analijua jambo ambalo Juha halijui. Waache waandike viputo kwa Kiswahili wanachokisema nyumbani, kisha waandike kisa hichohicho kwa nathari, kwa Kiswahili sanifu. Hapo watajifunza usemi halisi na usemi wa taarifa, watajifunza kinaya na kejeli, na watajifunza kwamba rejista ni mavazi ya lugha: unabadilisha kulingana na unakokwenda. Kazi bora zikabandikwe ukutani au zipelekwe kwa jarida la shule. Kakuma si mahali pageni kwa uandishi. Gazeti la wakimbizi, KANERE, lilianza huko mwaka 2008.

Na atajuaje kama Juha amefufuka kweli au amechimbuliwa tu? Awasomee wanafunzi kisa kwa sauti, kisha ahesabu. Kicheko kikija baada ya mwalimu kufafanua, huyo bado ni maiti. Kikija fremu moja kabla ya mwalimu mwenyewe kuelewa, basi Juha yuko hai, na ana mambo mengi ya kufundishwa na watoto wa Turkana.